Cheni ya zamani ya chenso unaisomaje? Anza na ribiti, jina la mashine liache mwisho

Mwaka juzi pale Mafinga kwa jamaa wa chuma chakavu nilikuta cheni imefungwa waya pamoja na rimu za baiskeli na masufuria yaliyotoboka. Nzito, imekufa kutu, na jino lake sijawahi kuliona kwenye chenso yoyote inayoingia msitu wa Sao Hill. Meno yalikuwa yamesimama wima kama ya ule msumeno wa kuvutana watu wawili, moja limelala kidogo kushoto, linalofuata limelala kulia, alafu linakuja fupi limenyooka katikati kama patasi, na mpangilio unarudia hivohivo mpaka mwisho. Jamaa akaipima kwenye mizani akanitajia bei ya kilo, nikalipa nikaondoka nayo begani.

Tangu siku hiyo kila anayekuja karakana akiiona anauliza swali moja, hii ya mashine gani? Nataka nianze hapo maana swali hilo ndilo linalowapoteza watu wengi wanaoanza kukusanya cheni za zamani. Cheni haina mashine moja. Viwanda vingi vilivyotengeneza chenso vilinunua cheni kwa viwanda vya cheni, na cheni moja ileile ilifungwa kwenye mashine za makampuni matano sita tofauti, nyekundu, njano, kijani, yote sawa. Ukianza na jina la mashine utabahatisha tu. Anza na chuma chenyewe kilichoko mkononi, chuma kinajieleza ukijua pa kukiuliza.

Kitu cha kwanza ni pichi, yaani nafasi kati ya ribiti na ribiti, zile pini zinazoshikanisha viungo, na hapa kuna mtego wa kwanza kwa sababu ribiti hazikai kwa nafasi sawa, zile mbili zilizoshika kiungo cha chini, kile kinachoteleza ndani ya ba (ule ubapa mrefu ambao cheni inauzunguka), zina umbali wake na zile za sahani za pembeni zina umbali mwingine. Ndiyo maana unapima kutoka katikati ya ribiti ya kwanza mpaka katikati ya ribiti ya tatu, alafu unagawa kwa mbili. Hiyo ndiyo pichi. Lakini cheni ya zamani imelika kwenye matundu, imelegea, kwa hiyo ukipima ribiti tatu tu unaweza kudanganywa. Mimi naivuta inyooke juu ya meza, nahesabu ribiti 21, napima ya kwanza mpaka ya mwisho na kugawa kwa 20. Ile ya Mafinga ilinipa milimita 257, ukigawa inakuja 12.85, na cheni ya nusu inchi ikiwa mpya ni 12.7, basi nikajua ni nusu inchi iliyochoka.

Pichi utakazokutana nazo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Za leo ni robo inchi ambayo ni milimita 6.35, kuna .325 ya inchi ambayo ni 8.25, kuna 3/8, na kuna .404 ambayo ni 10.26. Ukirudi nyuma unakuta 7/16 yenye milimita 11.11, nusu inchi, 9/16, 5/8, na kubwa kabisa ni 3/4 yenye milimita 19.05 ambayo mpaka leo ipo kwenye mitambo mikubwa ya kukata magogo. Mtu akikutajia 7/16 au 9/16 masikio yasimame, maana hizo dukani hukutani nazo.

Sasa hii 3/8 nayo ina mambo yake. Ukichukua kalamu ukagawa, inchi 1 ni milimita 25.4, tatu ya nane yake ni 9.525. Lakini pima cheni mpya ya 3/8 iliyotoka kwenye boksi sasa hivi, utapata 9.32. Sio kwamba vania yako, kile kipimo cha kubana chenye taya mbili, ni mbovu, hicho ndicho kipimo chenyewe, jina ni 3/8 lakini chuma ni 9.32. Alafu 3/8 zenyewe ziko mbili, kuna ya kawaida na kuna ile fupi ya mashine ndogo za nyumbani, pichi inasomeka sawa lakini mwili mdogo, jino fupi, na hata tupa yake tofauti, ya kawaida unainoa kwa tupa ya mviringo ya milimita 5.2 na ile ndogo unatumia ya milimita 4. Nimeona watu wanabishana kwa hasira kuhusu kipande cha cheni na wote wawili wako sahihi, kila mtu anaongelea 3/8 yake.

Kitu cha pili ni unene wa kile kiungo cha chini kinachoteleza ndani ya mfereji wa ba. Hapa unatumia vania, unabana pale pasipolika sana, karibu na ribiti, sio kwenye ncha ambayo imeng'aa kwa kusuguliwa. Vipimo vya kawaida ni milimita 1.1, 1.3, 1.5, 1.6 na 2.0, kwa inchi ndiyo zile .043, .050, .058, .063 na .080. Ile kubwa ya 3/4 inafika .122, zaidi ya milimita 3, ukiishika unaweza kudhani ni ya trekta. Pichi na unene kwa pamoja vinakupunguzia kazi sana, lakini havikuambii umri. Umri uko kwenye jino, na kwenye sababu iliyofanya jino libadilike.

Kwa hiyo twende nyuma kidogo. Wazo la kuweka meno kwenye mnyororo ni la zamani kuliko injini, na halikuanzia msituni kabisa, lilianzia kwa madaktari. Mwishoni mwa miaka ya 1700 huko Scotland, John Aitken na James Jeffray walikuwa na kimnyororo chembamba chenye meno cha kukatia mfupa kwa kuvuta huku na huku kwa mikono, na kwenye miaka ya 1830 Bernhard Heine huko Ujerumani akatengeneza kifaa cha mfupa ambacho cheni yake inazunguka kwenye ubapa kwa kuzungusha mkono. Ukikiona kwenye picha za makumbusho unashtuka, maana ni chenso ndogo kabisa. Mwaka 1905 mtu wa San Francisco, Samuel Bens, akapewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya msumeno wa cheni isiyo na mwisho kwa ajili ya miti mikubwa. Ujerumani tena, Andreas Stihl akatoa msumeno wa umeme mwaka 1926 na wa petroli mwaka 1929, huo wa petroli ulikuwa kilo 46, hebu fikiria kubeba kitu hicho mlimani.

Mashine za mwanzo za kukata miti kwa ujumla zilikuwa na cheni ya aina moja kwa wazo, nayo ndiyo ile niliyookota mimi. Wazo lilikuwa rahisi, wachukue msumeno wa kuvutana unaojulikana na kila mkata miti, wakate meno yake wayapange kwenye mnyororo. Meno ya kushoto na kulia yanachanja pembeni, yanakata nyuzi za mti, alafu lile fupi la katikati linakuja kukwangua kilichobaki na kukitoa nje. Inafanya kazi. Lakini inatoa unga badala ya maranda, inakula nguvu ya injini, inawahi kuwa butu, na kuinoa ni adhabu, kila jino unalinoa kwa tupa bapa kwa pembe yake, na lile la kukwangua lazima libaki fupi kidogo kuliko wenzake kwa kipimo kilekile mwanzo mpaka mwisho. Mkata miti alipoteza saa nyingi sana amekaa kwenye kisiki na tupa.

Ndipo anapoingia Joseph Cox. Huyu alikuwa mkata miti na mtu wa kupenda vyuma, huko jimbo la Oregon, Marekani. Mwaka 1946 akiwa msituni aliangalia kisiki na kuona buu wa mbawakawa anayekula mbao, kitaalamu anaitwa Ergates spiculatus, ni buu mnene hivi, na anapita ndani ya mti mgumu anavyotaka, akikata nyuzi kwa urefu na kwa upana bila shida. Cox akamchunguza, akaona siri iko kwenye taya, zimepinda na zinafanya kazi kushoto na kulia kwa zamu. Hakwangui, anakata kipande na kukinyanyua. Akarudi nyumbani kwake Portland, akashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, akatengeneza jino lililopinda juu kama kiganja kinachochota, moja linaelekea kushoto na lingine kulia, na mbele ya kila jino akaweka kidole cha chuma kinachopima jino liingie kiasi gani kwenye mti. Novemba 1947 cheni za kwanza zikauzwa. Kiwanda chake ndicho kilichokuja kuwa kampuni ya cheni ya Oregon hii tunayoijua, na mpaka leo cheni unayofunga kwenye chenso yako, ya kampuni yoyote ile, ni wazo la yule buu.

Mimi hii habari huwa inanigusa kila nikiisimulia, kwa sababu watu wenye elimu ya mitambo walikaa na tatizo hilo miaka mingi, na jibu lilikuwa ndani ya kisiki.

Turudi kwenye kutambua. Ukielewa hilo badiliko la 1947 tayari umegawa dunia ya cheni mara mbili. Ziweke mezani utazame kutoka mbele, kama vile wewe ndiye mti. Meno yakiwa yamesimama wima na yanafuatana kushoto, kulia na la kukwangua, hiyo ni ya mtindo wa zamani. Jino likiwa limekunjwa juu na kuwa na paa, hiyo ni ya ukoo wa Cox. Usiseme moja kwa moja kwamba ya zamani ni ya kabla ya 1947 lakini, maana mitindo haifi siku moja, mtu mwenye mashine ya zamani aliendelea kununua cheni aliyoizoea.

Ndani ya ukoo wa Cox nako unaendelea kusoma. Zile za mwanzo kona yake ni ya mviringo kabisa, ukiangalia kutoka mbele ni kama herufi C. Baadaye kona ikaanza kubanwa, ikawa nusu mviringo nusu kali, alafu ikaja ile yenye kona ya mraba kama patasi ambayo inakata haraka sana ila ikigusa mchanga mara moja tu imekwisha. Kuna pia zile ambazo hata uso wa ndani wa jino umenolewa bapa, hazinolewi kwa tupa ya mviringo, zinataka tupa yenye pembe maalumu, na ukiipata ya zamani ambayo haijaguswa na tupa iweke vizuri sana.

Na kwa nini pichi zilishuka? Hii ni sehemu naipenda kwa sababu inaunganisha kila kitu. Injini za zamani zilizungusha cheni kupitia giya, polepole lakini kwa nguvu, na cheni nzito yenye meno makubwa ilifaa. Mwaka 1950 Stihl wakaleta mashine ya mtu mmoja ya kilo 16, na 1959 ikaja Contra ya kilo 12 ambayo haina giya, injini inazungusha cheni moja kwa moja kwa kasi kubwa. Marekani kampuni ya McCulloch walishatoa yao nyepesi mwaka 1949. Sasa cheni nzito ukiizungusha kwa kasi hiyo inapiga, inatetemeka, inaila ba, kwa hiyo pichi ikabidi ishuke na jino likawa dogo. Ndiyo maana nusu inchi na 7/16 zilipotea kwenye mashine za mkononi. Ila tahadhari, .404 bado ipo hai kwenye mashine kubwa, ukubwa peke yake sio uzee.

Kwenye aina za ajabu, mimi nazitafuta hizi zaidi. Kuna cheni zinazonolewa kutoka juu, zilikuwepo kwenye mashine ndogo za miaka ya 1970, ndani ya kifuniko kuna jiwe, ukibonyeza linagusa mgongo wa meno wakati cheni inazunguka na linanoa lenyewe. Jino lake limekaa kinyume na tulivyozoea, ncha ya kukatia imeelekea juu, ukiliona mara ya kwanza utadhani limepinda. Kuna zenye kipande cha kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha jino, kimechomelewa kwenye ncha, hizo za waokoaji na za mbao chafu, unazijua kwa ule mstari wa rangi tofauti pale kabaidi inapokutana na chuma. Kuna zile zilizoruka meno, yaani badala ya sahani moja kati ya jino na jino ziko mbili, kwa ajili ya ba ndefu ili maranda yapate nafasi. Na kuna zisizo za chenso kabisa ambazo zitakuja kwako kwa jina la chenso. Mafundi seremala wa zamani walikuwa na mashine ya kutoboa matundu ya milango kwa cheni, cheni yake ni fupi, pana, meno yamebanana. Migodi ya makaa ya mawe nayo ilikuwa na cheni za kukatia zenye meno ya kuchomekwa. Zote ni nzuri kukusanya, tatizo ni kuziandika vibaya.

Mitego ipo mingi na mingi imetokana na mikono yetu wenyewe. Huku kwetu mtu anapasua mbao kwa chenso, kwa hiyo anachukua cheni ya kukatia magogo ambayo kiwandani pembe ya juu ya jino ni kama digrii 30, anainoa mpaka inakuwa kama 10 ndiyo ipasue vizuri kufuata nyuzi. Baada ya miaka mimi naikuta na nusu ya jino imeisha, nikisoma pembe pekee nitasema ilitengenezwa hivyo. Sijui wengine wanafanyaje, ila mimi pembe naiandika mwisho na kwa penseli. Mtego mwingine ni meno mawili ya upande mmoja kufuatana. Watu wanachangamka wanadhani wamepata kitu adimu, kumbe ni pale ilipofungwa, hesabu ya viungo ikigoma kugawanyika mafundi, na hata viwanda, hufunga hivyo. Na kuna cheni zilizoungwa kwa vipande vya cheni tatu, nilishanunua moja kama hiyo kwa bei ya kuuma na nilipoipima sehemu tano nikapata unene wa aina mbili. Tangu hapo sipimi sehemu moja.

Alama nazo zisome, ila kwa adabu. Futa kutu kidogo kwenye viungo vya chini na kwenye kile kidole cha mbele ya jino. Stihl wanaweka namba kwenye kidole, 1 ni robo inchi, 2 ni .325, 3 ni 3/8, 4 ni .404, 6 ni ile 3/8 ndogo, na kwenye kiungo cha chini wanaweka 1, 3, 5 au 6 kumaanisha 1.1, 1.3, 1.5 na 1.6. Oregon wao wanaweka namba ya mfululizo, 72, 73 na 75 zote ni 3/8 ya kawaida ila unene unapanda .050, .058, .063, namba 20, 21 na 22 ni hivyohivyo kwa .325, na 91 ni 3/8 ndogo. Ukibahatika kupata boksi usilitupe, boksi lina thamani kuliko watu wanavyojua. Likiwa na jina Omark, hilo ni jina la kampuni iliyokuwa nyuma ya Oregon kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1985 Blount wakainunua. Likiwa na namba ya hataza ya Marekani ni bora zaidi, maana namba hizo zinaenda kwa mpangilio, mwaka 1940 zilianzia 2,185,170, mwaka 1950 zilianzia 2,492,944, mwaka 1960 zilianzia 2,919,443 na mwaka 1970 zilianzia 3,487,470. Ukiona namba inayoanza na 2,6 unajua ni miaka ya hamsini. Lakini hiyo inakuambia cheni haiwezi kuwa ya zamani kuliko hapo, haikuambii ilitengenezwa mwaka huo, namba moja iliweza kuchapwa kwa miaka mingi.

Kusafisha, nenda polepole. Mafuta ya taa au dizeli, loweka siku kadhaa, alafu brashi ya shaba, alafu loweka tena. Usichome moto kuondoa kutu, unaua ugumu wa jino na rangi ya chuma inabadilika milele. Asidi naiweka mbali kabisa, inakula kile kikoti chembamba cha kromu kilichoko mgongoni mwa jino na inaweza kukiacha chuma kinavunjika kama biskuti. Usinoe. Jino ambalo halijaguswa ndilo ushahidi wenyewe, ukilinoa umefuta maandishi. Na tafadhali sana, usiifunge kwenye mashine uone kama inakata, cheni ya miaka sitini yenye nyufa usizoziona ikikatika kwenye kasi, kipande chake kinaruka kama risasi.

Wakusanyaji wengi wanabadilishana vipande vifupi vya viungo kumi hivi, wanavipigilia kwenye kibao na kuandika chini yake pichi, unene na aina ya jino, na ni utaratibu mzuri. Ila kabla hujakata cheni nzima hesabu viungo vyote vya chini uandike, kwa sababu kila kiungo ni pichi mbili na hesabu hiyo inakuonyesha ba ilikuwa na urefu gani. Yangu ya Mafinga ilikuwa na viungo 96. Mara mbili, mara milimita 12.7, unapata karibu sentimita 244, ukiikunja kati ni 122, toa kipande kinachozunguka gurudumu la meno linaloivuta cheni, inabaki ba ya zaidi ya mita moja. Mzee mmoja jirani yangu, alipoiona imetandazwa uwanjani, alikuwa ameshaniambia kwamba akiwa mtoto aliona wanaume wawili wamesimama huku na huku ya mti, mmoja ameshika injini na mwenzake ameshika mpini wa upande wa pili, na mti unaanguka bila mtu kuvuta msumeno. Nilimsikiliza kwa heshima tu siku ile. Nilipomaliza kugawa nikarudi kwake na karatasi, shikamoo, nikamwomba anisimulie tena kuanzia mwanzo.